Mkeka wa Mtihani

Mie nimesoma hadi darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Shangazi yangu kule upande wa Pangani alijifungua, hakuwa na wa kumsaidia, baba akanitoa shule nikambebee mtoto. Nikakaa huko miaka mitatu. Nilirudi najua kusuka ukili wa kila namna, ule mkanda wa kushonea mkeka, na sijui kugawanya. Nayasema haya mapema ili anayesoma asije akadhani nina elimu nimeificha mahali. Ninachokijua juu ya mitihani nimekijua kwa kukaa nyumba moja na wanaoifanya: kwanza wanangu, na sasa mjukuu wangu wa kike, ambaye mama yake analima Maramba na kaniletea mtoto hapa Mabawa asome mjini.

Na nilichokijua ni hiki: wanaotunga masharti ya kumaliza shule hawajui wanachokitaka. Mtu anayejua anachokitaka hukisema mara moja.

Binti yangu wa kwanza alipomaliza kidato cha nne, nilifundishwa kwamba tarakimu ndogo ndiyo ushindi. Mwenye daraja la kwanza anabebwa juu juu, mwenye la nne anapita uchochoroni. Haya, nikashika hivyo. Alipofika mwanangu wa mwisho, kumbe wamegeuza na hawakunitumia salamu. Akaja na kikaratasi, nikamuuliza umepata nini, akasema, "Moja nukta nne, mama."

Moja! Nikapiga vigelegele mpaka nikakaukiwa koo. Nikachinja majogoo mawili, nikapika pilau, nikaita watoto wa madrasa na mwalimu wao wasome dua ya shukrani. Na yule mwana, Mungu amsamehe, akakaa katikati ya watu akala paja la kuku kimya, anapokea pongezi kama bwana harusi. Siku ya tatu ndipo jirani mmoja mwalimu, naye pilau kaila, akaniambia kwa adabu, "Mama, hiyo moja siku hizi ni ya chini. Sasa hivi kikubwa ndicho bora." Nikamuuliza, kwa nini hukusema kabla ya kunawa mikono? Akasema aliona nimefurahi.

Haukupita muda wakairudisha ile hesabu ya zamani. Majogoo yangu hawakuyarudisha.

Sasa nije kwa mjukuu, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Huyu mtoto anataka uuguzi. Hakuambiwa na mtu. Tangu mdogo akiona mtu kajikata anakimbilia damu badala ya kuikimbia. Na chuo cha uuguzi kinataka baiolojia, kemia na fizikia, zote afaulu, ikipungua moja mlango umefungwa. Hayo aliniambia mwenyewe alipoingia kidato cha tatu, nami nikayaelewa, kwa sababu hata mkeka ukikosa ukili mmoja katikati si mkeka.

Mwanzoni mwa kidato cha nne akarudi na karatasi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hiyo ya nini?"

"Ya projekti. Kila mwanafunzi atengeneze kitu kwa mikono yake, kipewe alama. Alama zinaingia kwenye mtihani wa mwisho. Usipokuwa nazo, matokeo yako hayatoki."

"Kitu gani?"

"Chochote. Sabuni, ufagio, siagi ya karanga. Mie nimeandika mkeka."

"Mkeka unaujua weye?"

"Unaujua weye, bibi." Akacheka, akanikumbatia shingoni kama anavyofanya akitaka kitu. "Weye utasuka, mie nitaandika ripoti. Tugawane kazi."

"Na mtihani wa kemia nani atakuja kukufanyia? Babu yako kaburini?"

Akanuna. Akaniambia mwanafunzi fulani baba yake kashamnunulia sabuni miche kumi dukani, anabandua jina tu. Mwingine mama yake ndiye anayesaga karanga. Wote wanafanya hivyo. Nikamwambia wote wakienda kuoga baharini na nguo za shule, weye utabaki ufukweni kuwatunzia viatu. Kilichoandikwa ni mikono yake. Basi itakuwa mikono yake.

Hapo nilikuwa na haki. Bado nasema nilikuwa na haki. Yaliyofuata yasimpoteze mtu.

Kusuka si kazi ya kucheka nayo. Ukindu, majani ya mkindu, unautoa mbali, unauanika mpaka weupe uingie, unauchana chane nyembamba za unene mmoja, na hapo ndipo vidole vinapoanza kulia. Kisha unachemsha rangi, unaanika tena kivulini. Halafu unakaa. Ukili wa mkeka mmoja ukiunyoosha unazunguka nyumba mara kadhaa, na wote unatoka kati ya vidole viwili vya mtu, jicho kwa jicho. Ukishaisha ndiyo unashona, unauzungusha ukili pembeni mwa ukili, na mkono ukivuta zaidi upande mmoja mkeka unakunja uso kama mkwe aliyenyimwa kiti.

Akirudi shule saa kumi, anabadilisha nguo, anakaa. Wiki ya kwanza alitoa ukili ambao mbuzi angeukataa. Nikaufumua.

"Bibi! Nimekaa siku nne na huo!"

"Na mie nimeufumua dakika nne. Anza."

Akalia. Nikamwacha alie, machozi yanalainisha chane. Wiki ya tatu vidole vikaanza kusikia. Wiki ya tano akawa anasuka huku ananihadithia ya shuleni, hatazami mkono, nami nikageuza uso nisionekane nimefurahi. Nilimwonyesha hata taraza yangu, ile ya kumalizia ukingo: chane mbili nyekundu, moja nyeusi, kisha mshono mmoja wa kurudi nyuma. Hiyo aliniachia shangazi, na hapa mjini sijaona mwingine anayeifanya.

Katikati ya hayo, mlango wangu ukawa soko. Kina mama wazima, wengine na mikoba, wanakuja wananiita bibi kwa sauti ya asali. "Bibi, huna mkeka uliokwisha? Mtoto ana projekti." Nikawauliza mtoto mikono yake imekatika? Mmoja akanijibu, "Bibi, hawa wana masomo, hawana muda wa mambo ya kizamani." Nikamwambia basi kaeleze shuleni kwamba ya kizamani huyataki, na mkeka wa kizamani usiuulizie. Akaenda zake anasonya. Sikuuza hata mmoja.

Siku ya maonyesho wazazi tuliitwa. Nikavaa kanga mpya nikaenda. Ukumbi umejaa meza, na juu ya meza kila kitu kilichowahi kuuzwa sokoni Tanga: sabuni, fagio, mishumaa, mafuta ya nazi kwenye chupa ambazo gundi ya lebo zilizobanduliwa ilikuwa haijakauka. Mwalimu mmoja kijana, wa baiolojia, ndiye aliyekuwa akipita na faili, na madam mmoja nyuma yake anaandika alama kwenye fomu.

Mikeka ilikuwa mitatu. Wa mjukuu wangu ulikuwa wa kwanza. Ulipinda kidogo upande wa kulia, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa na homa siku mbili na akashona hivyo hivyo. Mbele yake kapanga chane zilizobaki, sindano na kipande cha ukili, kwa kuwa waliambiwa walete na vifaa. Wa pili ulikuwa wa plastiki, sitausema.

Wa tatu niliujua kabla sijaufikia. Nyekundu mbili, nyeusi moja, mshono unarudi nyuma.

Ni mkeka wangu. Na si mkeka wa sebuleni. Niliusuka zaidi ya miaka ishirini nyuma, kwa ajili ya jirani yangu wa nyumba ya tatu. Mie ndiye niliyekuwa somo wake, niliyemfunda na kumkalisha ndani siku saba kabla ya ndoa. Mkeka ule niliuingiza kwa mkono wangu kwenye chumba cha maharusi. Mkeka wa ndani hautoki chumbani, hautandikwi mbele ya wageni, haukopeshwi hata kwa ndugu. Kazi yake kila mtu mzima anaijua. Na sasa binti wa mwari wangu kauchukua uvunguni mwa kitanda cha mama yake, kautandaza juu ya meza, na mwalimu wa baiolojia anaupapasa kwa vidole anasema, "Angalieni ubunifu huu wa rangi."

Astaghfirullah. Nikatafuta pa kutazama.

Mwari wangu alikuwa amesimama karibu na nguzo. Aliponiona akashusha macho, akaja.

"Shikamoo somo."

"Marahaba. Mkeka mzuri."

"Eeh… mtoto kajitahidi."

"Namwona. Kajitahidi kuukunjua."

Akashika ncha ya ushungi akawa anaizungusha kidoleni. "Somo, nilikuwa msibani Muheza. Nimerudi jana, kashaupeleka na jina kaandika. Ningefanyaje?"

Nikageukia meza.

Wakasoma alama. Binti wa mwari wangu: tisini na mbili. Ripoti yake ilichapwa steshenari, ina jalada la plastiki na picha ya mnazi. Mjukuu wangu: arobaini na nane.

Nikanyoosha mkono. Watu wakageuka, maana wazazi waliitwa kupiga makofi, si kuuliza.

"Mwalimu, mwanangu, huyu wa arobaini na nane kakosa nini?"

Yule kijana akatabasamu kwa heshima. "Bibi, huyu mwanafunzi tunafahamu kwamba bibi yake ni msusi maarufu. Kwa hiyo tumepunguza kwa sababu ya msaada wa nyumbani."

"Bibi yake ndiye mie."

"Ndiyo, bibi, ndiyo maana."

"Kama nimeusuka mie, mbona umepinda?"

Ukumbi ukacheka. Madam akainamia fomu yake. Kijana akasema mkeka kupinda pia wameondoa alama. Yaani kosa ni langu kwa kuusuka, na kosa ni la mtoto kwa kuupinda, vyote viwili kwa wakati mmoja na kwa mkeka mmoja. Nimeishi miaka mingi na waongo wa kila aina, na hata wao huchagua uongo mmoja.

"Basi mpeni nafasi asuke hapa," nikasema. "Chane hizo hapo mezani."

Hawakukataa, nadhani kwa aibu. Mjukuu wangu akavua viatu, akakaa sakafuni kama alivyozoea, akalowesha vidole, akaanza. Hakuniangalia. Waliokuwa nyuma wakasogea waone. Alisuka urefu wa mkono na zaidi, upana wa macho manane, sawa sawa, kisha akaweka chini akasimama.

Watu wakapiga makofi ya kweli. Mwalimu naye akapiga. "Hongera sana, vizuri mno," akasema. Halafu akafungua faili. "Ila tatizo, bibi, fomu ina visanduku vitano. Utangulizi, vifaa, hatua, gharama, hitimisho. Hapa hakuna kisanduku cha kusuka."

Nikamtazama nione kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Kasoma miaka yote ile, kavaa tai, na anaweza kumwambia mtoto aliyesuka mbele ya macho yake kwamba kusuka hakumo katika alama za kusuka.

Tukarudi na mjukuu wangu mpaka kwenye duka la Mhindi wa pembeni. Hapo akasema, "Bibi, ule mkeka wa tisini na mbili ni wako."

"Nyamaza."

"Ni taraza yako. Umenifundisha mwenyewe. Kwa nini hukusema?"

Nilimweleza kwa mkato. Somo akishatoka chumba cha mwari, anayoyajua ya chumba kile anakufa nayo. Ningesema mkeka ni wangu, wangeuliza niliusuka lini na kwa ajili ya nani, na mama wa watu angevuliwa nguo mbele ya ukumbi mzima. Tena binti yake angefutiwa, na asingekuwa na matokeo.

"Na mie?" akauliza. "Mie wa arobaini na nane?"

Nikamwambia atazame anapokanyaga, kuna matope.

Nikajifariji kwamba hata hiyo arobaini na nane ni ya halali, itamfikisha. Miezi ikaenda. Karibu na mitihani tukaitwa tena, safari hii na mkuu wa shule mwenyewe. Akasoma barua. Alama za projekti kwa mwaka huu hazitapelekwa. Mwongozo unapitiwa upya. Mtihani wa mwisho utahesabiwa wenyewe.

Baba mmoja nyuma akauliza, "Na hawa waliokwisha kuzifanya?"

"Watakuwa wamejifunza," akasema mkuu, akakunja barua.

Waliobandua lebo za sabuni walijifunza kubandua lebo. Nilitaka kucheka, sikuweza, kwa kuwa mjukuu wangu alikuwa amekaa kando yangu na nilihisi bega lake limekuwa gumu.

Nyumbani alisimama katikati ya ua na sare zake.

"Jioni zote zile, bibi," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonichoma. "Wenzangu walikuwa wanasoma fizikia. Mie nachana ukindu. Na ukanifumulia mara tatu."

"Nilikufundisha kazi."

"Sikuomba kazi. Niliomba mkeka."

Mtoto wangu mwenyewe asingethubutu kunijibu hivyo, ningemtandika. Huyu nilimwacha aingie ndani.

Matokeo yakatoka. Baiolojia C. Kemia D, inatosha. Kiswahili kizuri. Fizikia F. Moja tu iliyopungua, na mlango ule wa chuo ukafungwa kama alivyonieleza zamani. Binti wa mwari wangu kapata zote, kaenda chuo hicho hicho cha uuguzi. Mama yake alikuja kuniaga kwa niaba ya mtoto, kaniletea kilo ya sukari, akakaa ukingoni mwa kiti kama aliyekalia mwiba. Nikamwambia mtoto asome, afanye kazi vizuri, wagonjwa wasiumie. Nilimaanisha. Mkeka hatukuutaja.

Watu wengi wa rika langu wakifika hapa katika hadithi wanasema mtoto hakujituma. Mie sisemi hivyo, nilimwona. Wala sisemi nilikosea kumfundisha. Alichonacho vidoleni hakuna barua itakayokipitia upya. Nilipokosea ni kuwaamini. Niliposikia jambo lao mwanzo wa mwaka nilidhani ndilo litakalokuwa mwisho wa mwaka, kana kwamba naongea na watu wazima. Wenzangu walioniomba mikeka, pamoja na yule aliyenisonya, waliwajua watu hawa kuliko mie. Wao walijua sharti litapita kama upepo wa mchana, wakaliwekea sabuni ya dukani wakarudi kwenye vitabu. Mie mjinga nikaliwekea mtoto mzima.

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kudharau watu waongo ni rahisi, nimewadharau tangu ujana. Lakini kumwona mtoto analipa kwa sababu bibi yake alitii neno lao hasa kama lilivyoandikwa, hapo hata dharau haitoshi.

Sikumwomba radhi. Sijui namna yake, na nadhani angeogopa. Siku aliyojiandikisha kurudia fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, alirudi akachukua ndoo aende bombani kama kawaida yake. Nikamnyang'anya.

"Bibi, mgongo wako."

"Mgongo wangu haufanyi mtihani. Kaa usome."

Tangu hapo maji nachota mie, napika mie, nafua mie, mpaka sare za binamu zake wakija likizo. Majirani wananicheka, wanasema bibi kageuzwa mfanyakazi wa ndani. Nawaambia ndiyo, na mshahara sijalipwa. Yeye anakaa barazani na kitabu chake, mara nyingine anasoma kwa sauti mambo ya nguvu na mizigo na umeme, mie nakuna nazi namsikiliza sielewi. Akisimama katikati ya sentensi najua kakwama. Simuulizi. Naendelea kukuna mpaka nisikie kaanza tena.

Juzi mchana redio ilikuwa imewashwa, mtu wa habari akasema kuna mabadiliko yanakuja katika masharti ya mtihani wa kidato cha nne. Mjukuu wangu akainua uso kitabuni, akanitazama.

Nikaweka chini nazi niliyokuwa nakuna, nikanyanyuka, nikaenda kuizima ile redio.